Msamaha wa Jenerali Lee, na mawe ya makaburi yaliyoandikwa “raia”

#1 Nyaraka_Kuukuu (mleta uzi)

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo.

Ninaishi kaskazini mwa Virginia, mwaka wa nane sasa, ng’ambo ya mto Potomac ukitokea Washington. Uzi huu umenikaa moyoni tangu siku niliyompeleka mjomba kwenye makaburi ya kitaifa ya Arlington. Mjomba alikuwa amekuja kutusalimia kutoka Tanga, na hamu yake ilikuwa kuliona kaburi la Kennedy. Tukaliona. Juu yake, kileleni mwa kilima, kuna nyumba kubwa yenye nguzo nene mbele. Akaniuliza ni ya nani. Nikamwambia ilikuwa makazi ya Jenerali Robert Lee, aliyeongoza jeshi la Kusini lililopigana ili majimbo yale yajitenge na kubaki na utumwa wao. Mjomba akasimama pale pale. “Na serikali aliyoiasi ndiyo inayomtunzia nyumba?”

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma kila nikitoka zamu ya usiku, na leo nataka kuliweka hapa nililolipata.

Lee alikuwa ofisa wa jeshi la Marekani kwa zaidi ya miaka thelathini. Aprili 1861 akajiuzulu, akaenda kulitumikia jimbo lake la Virginia na Shirikisho la Kusini. Tarehe 9 Aprili 1865 akasalimu amri kwa Jenerali Grant, mkuu wa majeshi ya Kaskazini, kijijini Appomattox. Siku tano baadaye Rais Lincoln akapigwa risasi, na kiti kikamwangukia Andrew Johnson wa Tennessee.

Johnson alitangaza msamaha tarehe 29 Mei 1865. Aliyeasi akila kiapo cha utii alirudishiwa haki zake na mali yake yote, isipokuwa watumwa. Shikeni hayo maneno, “mali yake yote, isipokuwa watumwa”, nitayarudia. Ila yalikuwapo makundi 14 ambayo kiapo peke yake hakikuyatosha. Hao kila mmoja alitakiwa amwandikie Rais barua ya kuomba. Kundi mojawapo ni maofisa wa juu kuliko kanali. Jingine ni waliosomeshwa chuo cha kijeshi cha West Point kwa fedha za serikali wakaja kuipiga serikali hiyo hiyo. Jingine ni matajiri wenye mali ya kutozwa kodi inayozidi dola 20,000. Johnson alikuwa fundi cherehani aliyekulia katika ufukara, na wenye mashamba makubwa hakuwapenda kabisa. Lee alinaswa na zaidi ya kundi moja.

Tarehe 7 Juni mahakama ya Norfolk ikatoa hati ya kumshtaki Lee kwa uhaini. Tarehe 13 Juni akaandika ombi lake kwa Rais, akalipitisha kwa Grant. Grant akaliunga mkono, na kuhusu kesi akashikilia kwamba mtu aliyesalimu amri na kuruhusiwa kwenda kwake hawezi kukamatwa maadamu anatimiza masharti. Alikuwa tayari kuacha kazi kuliko kuona neno lake linavunjwa. Kesi ikafia hapo.

Lakini ombi halikuwa na kiapo ndani yake. Tarehe 2 Oktoba 1865, siku ile ile aliyoapishwa kuwa mkuu wa Chuo cha Washington mjini Lexington, Lee akatia sahihi kiapo cha utii mbele ya ofisa wa viapo, kikapelekwa Washington. Baada ya hapo, kimya. Hakujibiwa mpaka anafariki tarehe 12 Oktoba 1870.

Mwaka 1970, miaka 105 baadaye, mtumishi wa Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa akakikuta kiapo kile katikati ya makaratasi ya Wizara ya Mambo ya Nje. Seneta Harry Byrd Mdogo wa Virginia akalipeleka suala bungeni. Seneti ikapitisha, na Julai 1975 Baraza la Wawakilishi likapitisha kwa kura 407 dhidi ya 10. Tarehe 5 Agosti 1975 Rais Gerald Ford akapanda kile kilima, akatia sahihi ndani ya ile nyumba niliyoulizwa na mjomba, mbele ya watu wa ukoo wa Lee. Uraia ukarudishwa, na tarehe ikahesabiwa kuanzia 13 Juni 1865. Ford alisema tabia ya Lee imekuwa mfano kwa vizazi vilivyofuata.

Hiyo ni sehemu ya kwanza. Ya pili inahusu watu waliozikwa chini ya kilima hicho hicho. Nitaileta nikiamka.

#2 Dada_Sauda

Nimekaa mkao wa kusoma. Ukiamka usitusahau, mkuu.

#3 Wakili_wa_Kata

Mleta uzi, kazi nzuri, ila niruhusu nirekebishe mambo mawili kabla watu hawajayabeba kama yalivyo.

La kwanza, mtu asidhani Lee alikufa bila kusamehewa. Siku ya Krismasi ya 1868, Johnson akiwa amebakiza miezi michache Ikulu, alitoa msamaha wa jumla usio na sharti lolote kwa kila aliyeshiriki uasi, na kosa la uhaini likafutwa kwa wote. Lee alikuwa hai. Ombi lake binafsi ndilo halikujibiwa, na hilo ni suala tofauti.

La pili, alichokifanya Ford hakikuwa msamaha wa rais. Julai 1868, miezi mitano kabla ya ile Krismasi, Katiba ilikuwa imeongezwa Marekebisho ya 14. Kifungu chake cha tatu kinasema aliyewahi kuapa kuilinda Katiba kisha akaasi hawezi kushika madaraka ya umma, na kizuizi hicho kinaondolewa na Bunge kwa theluthi mbili ya kila chemba. Kwa hiyo mwaka 1975 ni Bunge lililotoa, Rais akatia sahihi. Jefferson Davis, aliyekuwa rais wa Shirikisho la Kusini, alirudishiwa uraia kwa njia hiyo hiyo, na Jimmy Carter akatia sahihi Oktoba 1978.

Tofauti hii ina uzito wake. Msamaha wa rais unafuta adhabu. Ule wa Bunge ulirudisha heshima ya kushika ofisi. Na marehemu hashiki ofisi.

#4 Nyaraka_Kuukuu (mleta uzi)

Wakili msomi, nimekubali yote mawili, na nakushukuru. Nilipaswa kuutaja msamaha ule wa Krismasi.

#5 Kipanga_wa_Mji

Swali la mtu asiyejua sana. Kama Krismasi ya 1868 wote walisamehewa, hawa wengine walioandika barua miaka mitatu nyuma walikuwa na haraka ya nini? Si wangesubiri tu?

#6 Nyaraka_Kuukuu (mleta uzi)

Kipanga, umeuliza swali ambalo ndilo roho ya uzi wote. Walikuwa na haraka ya ardhi.

Turudi kwenye yale maneno, “mali yake yote, isipokuwa watumwa”. Wakati wa vita, wenye mashamba wa pwani ya South Carolina na Georgia walikimbia jeshi la Kaskazini lilipofika, wakaacha mashamba na watu. Januari 1865 Jenerali Sherman alitoa amri namba 15 kwamba visiwa vile na ukanda ule wa pwani wagawiwe watu walioachwa huru, kila familia isizidi ekari 40. Watu kama 40,000 wakatulia kwenye ekari zinazokaribia 400,000. Wakalima mahindi na viazi, wakajenga, wakafungua shule.

Halafu ikaja Mei na tangazo la Johnson. Mwenye shamba akirudi na karatasi ya msamaha mkononi, shamba lake linakuwaje? Jenerali Oliver Howard, mkuu wa idara iliyosimamia mambo ya watu walioachwa huru, alijaribu kuweka msimamo mwezi Julai kwamba msamaha hauigusi ardhi iliyokwisha kugawiwa. Johnson akamlazimisha aufute. Septemba ukatoka waraka mwingine wa kurudisha ardhi kwa waliosamehewa. Ndipo barua zikamiminika Ikulu. Washington walijaa mawakala wanaolipwa kumsukumia mtu ombi lake mpaka litiwe sahihi. Yule fundi cherehani aliyewachukia matajiri alikuwa sasa anawaona wamejipanga mlangoni kwake na kofia mkononi, na alitia sahihi kwa mamia. Kwa jumla watu zaidi ya 13,000 walipata msamaha wa mmoja mmoja.

Kwa hiyo, Kipanga, aliyesubiri Krismasi ya 1868 alihatarisha shamba.

Oktoba 1865 Howard alitumwa kisiwani Edisto, South Carolina, akawaambie watu wenyewe. Walikusanyika kanisani zaidi ya uwezo wa kanisa. Mtu huyu hakuwa mbaya. Alikuwa ofisa wa Kaskazini aliyekatwa mkono wa kulia vitani, na mwenyewe alijua anachokwenda kusema ni dhuluma. Akawaomba wawasamehe mabwana zao wa zamani na wakubaliane nao kufanya kazi kwa ujira.

Wakachagua kamati ya watu watatu, Henry Bram, Ishmael Moultrie na Yates Sampson. Kamati ikamwandikia. Barua ipo mpaka leo, na sijasoma kitu kilichonigusa zaidi ya hiyo. Walimwambia, kwa maana ya maneno yao: unatuomba tuwasamehe wenye ardhi wa kisiwa chetu. Wewe umepoteza mkono wako wa kulia tu vitani, na huenda ukaweza kuwasamehe. Lakini mtu aliyenifunga kwenye mti akanichapa viboko 39, aliyemvua nguo mama yangu na dada yangu akawachapa, asiyekubali nikae hata kwenye kibanda chake kitupu mpaka nimlimie kwa bei yake, anayeungana na wenzake ninyimwe ardhi akijua kwamba nikiwa na ardhi yangu sitakuwa na shida naye, mtu huyo siwezi kumsamehe.

Nilipoisoma nililifunga kabrasha nikatoka nje kupunga hewa.

#7 Dada_Sauda

“Mkono wako wa kulia tu.” Mungu wangu.

#8 Mwana_Tanganyika

Naomba nitoe mawazo tofauti, na nisieleweke vibaya. Mimi ni mtu wa Uvira, mashariki mwa Kongo. Kwetu waasi kusamehewa nimekuona zaidi ya mara moja, mpaka mwingine anavishwa magwanda ya jeshi la serikali na kupita mbele ya nyumba aliyoichoma. Najua inavyouma. Lakini najua pia vita visivyokwisha vinafananaje.

Asubuhi ya siku ile Appomattox, ofisa wake mmoja, Porter Alexander, alimshauri Lee asisalimu amri, askari watawanyike msituni na bunduki zao. Lee akakataa. Alisema watu hao watageuka wanyang’anyi na nchi itachukua miaka kupona. Na Grant naye hakuwafunga. Askari kama 28,000 walipewa karatasi za kwenda kwao. Alikuwa amewapa chakula kwa sababu walikuwa na njaa, na mwenye farasi wake akaruhusiwa kuondoka naye akalimie. Fikirini kama Lee angechukua ule ushauri. Au kama Grant angemnyonga. Kusini ingekuwa na waasi wake wa porini, na nani angeumia kwanza? Hao hao walioachwa huru.

Mimi siutetei utumwa. Nasema msamaha wa wakati ule ulinunua kitu, na aliyekaa mahali penye amani asikidharau kitu hicho.

#9 Nyaraka_Kuukuu (mleta uzi)

Ndugu yangu wa Uvira, nimeisoma mara tatu kabla ya kujibu. Pole kwa uliyoyaona.

La Appomattox nakubaliana nawe bila kusita. Grant alifanya la kiungwana na la busara, na kumlinda Lee asishtakiwe baada ya kumpa neno lake, hilo pia lilikuwa sawa. Ninapotofautiana nawe ni hapa: ruhusa ya Grant iliwapa wale watu uhai wao na njia ya kurudi nyumbani. Msamaha wa Johnson ulikwenda mbele zaidi, ukachukua shamba ambalo mtu mwingine ameshalilima. Amani aliyoinunua Grant ililipwa na serikali ya Grant. Ile ya Johnson ilichukuliwa kwenye ghala la watu wa Edisto, na wao walikuwa wamesimama upande wa serikali muda wote wa vita.

Na hata hiyo amani, walioachwa huru hawakuionja sana. Mwaka 1866 waliuawa kwa makumi mjini Memphis na tena New Orleans. Mtu niliyetaka kumtaja hapa ni James Longstreet, naibu mkuu wa Lee katika jeshi lile. Johnson alimwambia ana kwa ana kwamba wapo watu watatu wa Kusini wasioweza kupata msamaha, Davis, Lee na yeye. Bunge likamwondolea kizuizi Juni 1868. Longstreet akajiunga na chama cha Lincoln, na mwaka 1874 akasimama katika mitaa ya New Orleans akiongoza polisi na wanamgambo, weusi wengi miongoni mwao, dhidi ya wazungu wenye silaha waliotaka kuipindua serikali ya Louisiana. Wengi wa wale wazungu walikuwa askari wa Kusini kama yeye. Alijeruhiwa na kukamatwa. Kusini wakamwita msaliti mpaka anakufa. Huyo alisamehewa, na akaishi kama mtu aliyeelewa amesamehewa kosa gani.

#10 Mwana_Tanganyika

Sawa, kaka. Hilo la nani alilipa nimelipokea. Longstreet sikuwa namfahamu kabisa.

#11 Karafuu_Mbichi

Naongea kutoka Wete, Pemba. Mimi nikisoma haya nakumbuka tangazo la Sultan Hamoud la Aprili 1897, lililoondoa hadhi ya utumwa Unguja na Pemba. Mtumwa alitakiwa aende mahakamani mwenyewe kudai uhuru wake, na bwana wake ndiye aliyelipwa fidia. Mtumwa aliyechuma karafuu miaka yote hakulipwa pesa hata moja kwa miaka hiyo. Bibi yetu alikuwa akitusimulia habari za “mahuru” waliorudi kuomba sehemu ya kujenga kwenye shamba lile lile. Samahani kama nimetoka nje ya mada.

#12 Nyaraka_Kuukuu (mleta uzi)

Hujatoka nje hata kidogo, bibi au bwana wa Wete. Hapa Washington penyewe, Aprili 1862, serikali ilipowaacha huru watumwa wa mji ilimlipa mwenye mtumwa mpaka dola 300 kwa kila mtu. Nakiona kitu kile kile.

Sasa niwape sehemu ya pili, ya kilima chenyewe.

Nyumba ile haikujengwa na Lee. Ilikuwa ya baba mkwe wake, George Washington Parke Custis, mjukuu wa kambo wa George Washington. Custis alifariki Oktoba 1857, akaacha mashamba matatu, madeni, na watumwa karibu 200. Lee ndiye aliyekuwa msimamizi wa mirathi. Wosia ulisema watumwa waachwe huru ndani ya miaka mitano. Wao waliamini wameambiwa watakuwa huru mzee akifa. Lee aliwashikilia mpaka ile miaka mitano ikapita, ili shamba litoe fedha za madeni na za urithi wa binti zake. Hati ya kuwaacha huru ni ya tarehe 29 Desemba 1862, vita vikiwa vimepamba moto.

Katikati hapo, mwaka 1859, kijana aitwaye Wesley Norris, dada yake Mary na ndugu yao mmoja walitoroka. Wakakamatwa Maryland, wakarudishwa. Norris alitoa ushuhuda wake mwaka 1866, ukachapishwa gazetini: yeye alihukumiwa viboko 50, dada yake 20, Lee akiwa amesimama pale, na kisha migongo yao ikaoshwa kwa maji ya chumvi. Huyu ndiye mtu ambaye Ford alisema tabia yake ni mfano. Norris alikuwa ameshasema, gazetini, miaka 109 kabla ya sherehe ile. Hakuna aliyesimama siku ile kumsoma.

Vita vilipoanza familia ya Lee iliondoka, na jeshi la Kaskazini likaichukua nyumba. Serikali ikatoza kodi ya dola 92 na senti 7, ikataka mwenye nyumba ailipe mwenyewe kwa mkono wake. Mke wa Lee alikuwa mgonjwa, upande wa pili wa vita, akamtuma ndugu. Fedha ikakataliwa. Januari 1864 shamba likapigwa mnada na serikali yenyewe ikalinunua kwa dola 26,800. Mei mwaka huo wakaanza kuzika askari.

Ila kabla ya makaburi ya askari pale palikuwa na kijiji. Tangu 1863 serikali ilikuwa imewaweka hapo watu waliokimbia utumwa, kikaitwa Kijiji cha Walioachwa Huru. Kilikuwa na nyumba, shule, hospitali na karakana za ufundi. Sojourner Truth, yule mama aliyezunguka nchi nzima kuupinga utumwa, alifanya kazi pale. Kilitakiwa kiwe cha muda tu, kikadumu zaidi ya miaka thelathini.

Wakili msomi, kesi ya mtoto wa Lee naona wewe utaieleza vizuri kuliko mimi.

#13 Wakili_wa_Kata

Kwa furaha. Lee na mkewe walipokufa, mtoto wao mkubwa, George Washington Custis Lee, naye akiwa aliyekuwa jenerali wa jeshi la Kusini, alikwenda mahakamani kudai shamba la babu yake. Serikali ikasema haiwezi kushtakiwa bila ridhaa yake. Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua Desemba 1882, majaji watano dhidi ya wanne, kwamba mali ilichukuliwa bila kufuata sheria, na ofisa wa serikali hawezi kujificha nyuma ya jina la serikali. Sisi tuliosoma sheria tunaikuta kesi hiyo kwenye masomo ya kuishtaki serikali, na kama kanuni ni hukumu nzuri. Mwaka 1883 Bunge likamlipa dola 150,000, akaiachia ardhi ibaki makaburi. Waziri wa Vita aliyepokea hati alikuwa Robert Lincoln, mtoto wa Rais Lincoln.

Niongeze jambo moja. Mwaka 1867 mahakama hiyo hiyo, kwa kura tano kwa nne vilevile, iliamua kesi ya Augustus Garland, aliyekuwa mbunge wa Kusini, kwamba msamaha kamili wa rais unamfanya mtu machoni pa sheria awe kana kwamba hakutenda kosa. Ndiyo maana karatasi ile ilikuwa na nguvu.

#14 Kipanga_wa_Mji

Na wale wa kijijini? Walipata ngapi?

#15 Nyaraka_Kuukuu (mleta uzi)

Kuanzia 1887 waliamriwa kuondoka, kijiji kikafungwa 1900, na Bunge likatenga dola 75,000 kwa ajili yao wote kwa pamoja. Mtu mmoja 150,000, kijiji kizima 75,000.

Haki kidogo ilikuwapo, na sitaificha. Maria Syphax alikuwa binti wa Custis kwa mwanamke mtumwa, Arianna Carter. Custis alimpa ekari 17 pembeni ya shamba bila hati. Serikali iliponunua shamba, ekari zake zikamezwa humo humo. Mtoto wake William akahangaika na wakubwa wa Washington mpaka 1866 Bunge likamrudishia mama yake ardhi, na aliyetia sahihi ni Johnson yule yule.

Nimalizie kwa nilichokwenda kukiona mara ya pili, safari hii peke yangu. Upande wa kaskazini wa makaburi kuna eneo namba 27. Humo wamezikwa watu zaidi ya 3,800 waliotoka utumwani, wa kijiji kile na wa kambi za jijini, pamoja na askari weusi. Mawe ni madogo, meupe, yamefanana. Kuna jina, na jina lenyewe mara nyingine ni moja tu. Chini ya jina, pale ambapo askari angeandikiwa kikosi chake, wameandikiwa neno moja. Kwa baadhi ni neno la Kiingereza la mwananchi mwenye haki katika taifa lake. Kwa wengine ni neno la mtu asiye askari.

Walikuwa wakizikwa kwa jina hilo la mwananchi wakati mwenye nyumba juu ya kilima akiwa amelipoteza. Yeye alirudishiwa 1975 kwa kura 407 na sherehe.

#16 Mkalimani_Baridi

Mimi ni mkalimani wa mahakamani, niko Minnesota, na hayo maneno mawili yananitesa kila wiki. Wakili akitaja la kwanza nasema “raia”. Polisi akitaja la pili nasema “raia”. Kiswahili chetu hakijatenganisha asiye askari na mwenye nchi. Huwa naongeza maelezo ili hakimu aelewe, na huwa naona kama ni upungufu wa lugha.

Sasa naona kwamba kwa Kiswahili mawe yote ya eneo lile yanasomeka sawasawa. Raia. Raia. Raia.

#17 Dada_Sauda

Nimelia, sisemi uongo.

Swali langu: mwaka 1975 bungeni hakuna aliyeuliza haya yote?

#18 Nyaraka_Kuukuu (mleta uzi)

Dada Sauda, upinzani ulikuwapo lakini ulishika kamba nyingine. Vita vya Vietnam vilikuwa vimekwisha Aprili mwaka ule. Mbunge John Conyers wa Michigan alitaka kujua kwa nini jenerali aliyeasi anarudishiwa uraia, na vijana waliokataa kwenda Vietnam bado wanawekewa masharti. Ford alikuwa amewapa msamaha wa masharti Septemba 1974: waape kuitii nchi na watumikie umma mpaka miezi 24. Kama wiki moja tu kabla ya hapo, alikuwa amemsamehe Nixon, rais aliyejiuzulu, bila sharti lolote. Hoja ya Conyers ilikuwa nzito. Habari za Norris na za Edisto sijaziona zikisomwa.

Mkalimani, ulichokiandika nitakibeba siku nikirudi pale.

#19 Kipanga_wa_Mji

Mkuu, nina shemeji yangu Maryland, nikijaliwa viza nitakuja. Nikifika pale nianzie wapi?

#20 Nyaraka_Kuukuu (mleta uzi)

Karibu sana. Watu wote wanaingilia lango kuu na kupanda kwa Kennedy. Ukimaliza, teremka upande wa kaskazini mpaka karibu na ukuta, ndiko eneo 27 liliko, na mara nyingi utalikuta halina mtu. Vaa viatu vya kutembelea, ni mbali.

Halafu eneo namba 15 mtafute James Parks. Alizaliwa mtumwa hapo hapo Arlington. Serikali ilipoanza kuzika askari 1864, yeye ni mmoja wa waliochimba makaburi ya kwanza. Miaka ya 1920, nyumba ya juu ilipokuwa inakarabatiwa, yeye ndiye aliyewaonyesha visima vilikuwa wapi na vibanda vya watumwa vilikuwa wapi, maana hakuna mwingine aliyekumbuka. Alipofariki 1929 Waziri wa Vita alitoa ruhusa maalumu azikwe humo. Kati ya wote waliolala Arlington, ni yeye peke yake aliyezaliwa kwenye ardhi ile. Lee amezikwa Lexington.

Mjomba nimempigia simu jana nikamsimulia yote. Akaniambia nimtumie picha ya kaburi la Parks. Nitakwenda Jumapili.